Kichwa cha treni cha umeme na dizeli (ALP-45DP): tenki linabeba mafuta kiasi gani, na dizeli inawashwa wakati gani?

Msafiri_Raritan:
Wakuu habari za humu. Mimi nipo New Jersey, Marekani, naingia zamu ya jioni kwa hiyo napanda treni ya mchana ya line ya Raritan Valley, ile inayoenda moja kwa moja mpaka Penn Station ya New York bila kushuka Newark kubadilisha. Sasa kuna kitu kinanisumbua. Huku kwetu nyaya za umeme hakuna kabisa, treni inanguruma dizeli mwanzo mwisho, ila tukifika Newark inasimama pale kidogo, mngurumo unakata, alafu tunaondoka kimyaaa tunaingia handaki la chini ya mto Hudson. Nimeangalia ubavuni kichwa kimeandikwa ALP-45DP.

Maswali yangu ni haya: tenki lake lina lita ngapi? Ikiwa kwenye umeme dizeli inazimwa kabisa au inabaki silensa? Na kwa nini wasifunge nyaya njia nzima au wasiingie na dizeli hivo hivo mpaka mwisho? Mwenye kuelewa mashine hizi anifafanulie kwa kina, sitaki jibu la mstari mmoja.

Pugu_Stesheni:
Mkuu hicho ni kichwa cha umeme, dizeli wameweka kwa ajili ya dharura tu umeme ukikatika. Tenki litakuwa dogo tu kama la lori.

fundi_alternata:
Pugu_Stesheni hapana ndugu yangu, hapo unachanganya na aina nyingine. Vipo kweli vichwa vyenye injini ndogo ya kumalizia kipande kisicho na nyaya, Uingereza wanavyo, Class 88 kwenye umeme kinatoa kilowati 4,000 lakini dizeli yake ni kilowati 700 tu, hiyo ndo ya kusogeza mzigo yadini au bandarini. ALP-45DP sio hivo. Hiki ni kichwa kamili cha dizeli na kichwa kamili cha umeme ndani ya bodi moja, na ndio maana kina mambo mengi ya kuzungumza.

Msafiri nakujibu kwa urefu kama ulivyoomba.

Kilitengenezwa na Bombardier kwenye kiwanda chao cha Kassel, Ujerumani, wateja wa kwanza wakiwa NJ Transit ya huko kwako na wale wa Montreal, Kanada. Ndani kina injini MBILI za Caterpillar 3512C, kila moja silinda 12, hp 2,100. Jumla hp 4,200 ambayo ni kama kilowati 3,130. Ukipandisha pantografu (ule mkono wa juu ya bodi unaogusa waya) kwenye waya unapata kilowati 4,000 kwenye magurudumu, yani kwenye umeme kina nguvu zaidi. Spidi ya juu kwenye umeme ni km 200 kwa saa, kwenye dizeli km 160.

Tenki ni galoni 1,800 za Kimarekani, ambazo ni kama lita 6,800. Pugu lori gani hilo 😀 labda lori lenyewe la kubeba mafuta.

Sasa lita 6,800 inaonekana nyingi lakini kwa dunia ya treni ni kidogo. P42 ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria za masafa marefu ya Marekani, ambayo ni dizeli tupu ya abiria inabeba galoni 2,200, kama lita 8,300. Vichwa vya mizigo vya Marekani vinafika galoni 5,000, karibu lita 19,000. Kwa nini hiki kimepewa kidogo? Watu wengi wanadhani ni kwa sababu safari zake fupi. Safari fupi inachangia ndio, lakini sababu kubwa ni UZITO na NAFASI.

Fikiria chini ya bodi katikati ya bogi ya mbele na bogi ya nyuma (bogi hapa ni ile fremu yenye ekseli na magurudumu, sio behewa). Kwenye kichwa cha dizeli hapo ndipo linaning'inia tenki. Kwenye vichwa vingi vya umeme hapo hapo ndipo wanaweka transfoma kubwa. Ukitaka vyote viwili kwenye mashine moja vinagombania sehemu moja. Alafu transfoma ya hiki ni nzito kuliko kawaida kwa sababu umeme wa kuingilia New York ni volti 12,000 za hezi 25 (yani umeme unageuka mara 25 kwa sekunde), mfumo wa zamani wa Pennsylvania Railroad toka miaka ya 1930, na kadiri hezi zinavyokuwa chache ndivyo transfoma inavyohitaji chuma kingi zaidi ndani yake ili ibebe nguvu ile ile. Ingekuwa hezi 50 au 60 peke yake wangeokoa uzito mwingi. Lakini kichwa lazima kile hezi 25 na pia volti 25,000 za hezi 60 kwa sababu line za Morris & Essex zinatumia hiyo.

Matokeo yake ni tani 130.6. Linganisha na ndugu yake ALP-46, umeme mtupu, kiwanda kile kile cha Kassel, ambaye ana kama tani 90 tu na nguvu kilowati 5,300. Kwa hiyo hizo injini mbili, alternata (jenereta zinazozungushwa na injini), mapoza, tenki na mafuta yake ndo vimeongeza tani 40 na nguvu ya umeme ikapungua juu yake. Hakuna cha bure hapo.

Msafiri_Raritan:
Daah fundi ubarikiwe. Kumbe injini ni mbili, mimi nilikuwa najua ni moja kubwa. Sasa hizo lita 6,800 zinakaa muda gani kabla hazijaisha? Na lile swali la kuzima.

fundi_alternata:
Tupige hesabu, sio siri. Injini za dizeli za ukubwa huu zinakula kama gramu 200 mpaka 210 kwa kila kilowati-saa zikiwa zinavuta kwa nguvu. Injini moja kilowati 1,566 mara 0.205 unapata kama kilo 320 kwa saa. Lita ya dizeli ina kama kilo 0.84 kwa hiyo hizo kilo ni lita 380 hivi. Mbili ni lita 760 kwa saa. Gawanya 6,800 kwa 760 unapata kama saa 9 za kukanyaga mpaka mwisho bila kuachia.

Ila hakuna treni ya abiria ya vituo vingi inayokanyaga hivo. Inavuta kwa nguvu dakika chache kutoka stesheni, inaachia, inateleza, inafunga breki, inasimama, watu wanashuka. Tukisema kwa wastani inatumia theluthi ya nguvu yake, hizo ni kama lita 250 kwa saa na tenki linafika zaidi ya saa 25. Na ukiweka kwamba kipande cha Newark mpaka New York hakichomi hata tone, na kwamba kichwa kinashinda kimesimama mwisho wa line kikisubiri safari nyingine, utaona kinaweza kupiga kazi ya siku nzima na zaidi bila kugusa pampu. Mafuta yanajazwa yadini au karakana, sio stesheni, hutaliona lori la mafuta pale Newark hata siku moja.

Kitu ambacho watu wanasahau kwenye hesabu ni mabehewa. Taa, AC, hita, milango, vyote vinalishwa na kichwa, volti 480 fezi tatu. Behewa 8 za ghorofa wakati wa baridi kali ya Januari zinaweza kula kilowati mia kadhaa, na kwenye dizeli hizo zinatoka kwenye zile zile 3,130. Kwa hiyo hata treni ikiwa imesimama haiendi popote, mafuta yanaenda. Hapo ndo faida ya injini mbili inaonekana maana mzigo ukiwa mdogo sio lazima zote mbili zihangaike.

Kuhusu kuzima: ndio, kwenye umeme dizeli ZINAZIMWA. Ndo maana unasikia kimya.

Mfumo wenyewe ni hivi. Umeme wa waya unapita pantografu, unaingia transfoma, unageuzwa kuwa DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri). Umeme wa alternata za dizeli nao unageuzwa kuwa DC. Zote mbili zinaishia kwenye njia moja ya DC, na kuanzia hapo kwenda mbele kila kitu ni kimoja: inveta zile zile (zinazogeuza DC kuwa umeme wa kuendesha mota), mota zile zile nne, mabehewa yale yale. Mota haijui na haijali umeme umetoka bwawa la maji, gesi au Caterpillar. Kubadilisha modi maana yake ni kubadilisha nani analisha ile DC.

Ukienda New York: treni inasimama Newark, dereva anapandisha pantografu, mfumo unasoma volti na hezi za waya, swichi kuu inafungwa, dizeli zinashushwa mpaka silensa alafu zinazimwa. Ukirudi ni kinyume: injini zinawashwa kwanza, zikishatulia na kushika mzigo ndo swichi kuu inafunguliwa na pantografu inashushwa. Huo mpangilio wa kwanza na wa pili ni muhimu sana maana ukishusha pantografu kabla injini hazijashika, treni nzima inabaki giza.

Breki nazo zinabadilika. Kwenye umeme mota zinageuka jenereta na umeme unarudishwa wayani treni zingine zinautumia. Kwenye dizeli hakuna pa kuurudisha, kinachobaki baada ya kulisha mabehewa kinachomwa kwenye rizista kinakuwa joto linatupwa hewani. Mimi hilo huwa linaniuma kila nikiwaza, nguvu yote ile.

Kilosa_kwetu:
Swali la tatu bado halijajibiwa. Kwa nini dizeli isiingie hilo handaki? Mbona kwetu kwenye reli ya TAZARA kuna mahandaki na treni za dizeli zinapita toka enzi.

Mzee_wa_Reli:
Kilosa, handaki la dakika moja lililo wazi pande mbili ni kitu tofauti kabisa na yale. Mahandaki ya mto Hudson yalifunguliwa 1910, ni mawili, kila moja njia moja, marefu, yanapita chini ya maji alafu yanaishia ndani ya stesheni iliyofunikwa katikati ya jiji. Yalijengwa kwa ajili ya treni za umeme toka siku ya kwanza, hakuna mpango wa kutoa moshi wa treni mia kadhaa kwa siku. Mkiingiza dizeli pale asubuhi wakati watu wamejaa mnawaua.

Na sio maneno matupu. Tarehe 8 Januari 1902 kwenye handaki la Park Avenue, New York hiyo hiyo, treni ya stimu ilipita ishara ya hatari na kugonga nyingine kwa nyuma, watu 15 walikufa, na moshi na mvuke ndani ya handaki ulikuwa sehemu kubwa ya tatizo. Ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku stimu kwenye handaki hilo, ikaanza kazi 1908. Toka hapo yeyote anayetaka kuingia stesheni kubwa za Manhattan na treni lazima atafute namna ya umeme.

Ndo hapo hivi vichwa vya modi mbili vilipozaliwa. Kampuni ya reli ya New Haven ilinunua FL9 kutoka EMD, watengenezaji wa vichwa vya treni wa Marekani, vilitengenezwa vichwa 60 kati ya 1956 na 1960, dizeli ya kawaida ila vina viatu vya kugusa reli ya tatu yenye umeme wa DC pembeni ya njia. Mwaka 1995 zikaanza kutoka P32AC-DM za General Electric, hp 3,200, ambazo Amtrak wanazitumia kwenda Albany mpaka leo wakati nazungumza: zikitoka Penn Station zinatumia reli ya tatu ndani ya handaki, zikishaona jua zinarudi dizeli. Na hapo pia kuna mtego mdogo ambao mimi naupenda sana, upande wa Penn Station kiatu kinagusa reli ya tatu kwa JUU, upande wa Grand Central kinagusa kwa CHINI, kwa hiyo kichwa cha huku hakiendi kule bila kubadilishiwa viatu. Jiji moja, stesheni mbili.

Uingereza nao walianza 1962 na Class 73, umeme hp 1,600, dizeli hp 600. Vilikuwa 49 tu na vingine vipo mpaka leo vinafanya kazi.

dada_wa_Montreal:
Niongezee ya huku Kanada maana fundi kataja. Huku walinunua ALP-45DP kwa ajili ya line mpya ya Mascouche iliyofunguliwa Desemba 2014. Treni ilikuwa inakuja dizeli kutoka vitongojini, inapandisha pantografu, inaingia handaki la mlima Mont-Royal ambalo ni la 1918 lina urefu wa kama km 5, inatokea katikati ya mji. Ilikuwa ndo sababu yenyewe ya kununua vichwa vya bei vile.

Alafu 2020 handaki likafungwa likakabidhiwa mradi wa REM, treni nyepesi zisizo na dereva. Treni za Mascouche zikapewa njia ya kuzunguka. Kwa hiyo vichwa vimebaki vinavuta kwa dizeli muda wote na transfoma lao la matani wanalibeba juu juu tu kila siku, linachomewa mafuta bila kufanya kazi yoyote. Mimi naona hilo ni jambo la kusikitisha kwa walipa kodi wa huku. Ukinunua mashine ya modi mbili umejifunga na ramani ya nyaya, ramani ikibadilika mashine inakuwa mzigo.

Msafiri_Raritan:
Dada umenifungua macho. Sasa mbona tunapita chini ya maji na lita elfu sita za dizeli tumezikalia, hilo haliogopeshi?

fundi_alternata:
Swali zuri. Kwanza dizeli sio petroli, haishiki moto kirahisi kwa joto la kawaida. Pili Marekani kuna kanuni za nguvu ya tenki la kichwa cha treni ya abiria: lazima lihimili kichwa kikitoka relini na kikalala juu ya tenki lenyewe, na lihimili kugongwa ubavuni bila kupasuka. Kwa hiyo chuma chake ni kinene na ndani limegawanywa kwa kuta ili mafuta yasibingirike huku na huko. Hilo nalo ni uzito, na ndo sababu nyingine tenki haliwezi kuwa kubwa unavyotaka. Tenki likijaa, mafuta peke yake ni kama tani 5.7.

Mtito_Andei:
Wadau nimefuatilia kutoka Kenya. SGR yetu Mombasa–Nairobi tangu 2017 ni diesel pekee, lakini tuliambiwa njia iliachiwa nafasi ya kuwekewa stima baadaye. Majirani Tanzania wako na SGR ya stima tayari. Sasa si ingekuwa poa tununue hizi za modi mbili, tukianza kuweka nyaya kipande kwa kipande treni inatumia zile zimefika, zingine inamalizia na diesel?

Kilosa_kwetu:
Sisi Dar mpaka Dodoma nyaya zipo njia nzima, volti 25,000. Hatuna pa kutumia dizeli kwa abiria, labda kichwa cha kuvuta treni ikikwama. Mtito wazo lako lingewafaa nyie zaidi kuliko sisi.

fundi_alternata:
Mtito wazo ni sahihi kabisa kimsingi, na ndo matumizi bora ya hivi vichwa, pale nyaya zinapoishia njiani. Lakini usichukue ALP-45DP kama ilivyo. Rudi kwenye zile tani 130.6. Ziko kwenye ekseli 4, gawanya, kila ekseli inakandamiza reli kwa tani 32.6. Reli za Marekani zimezoea. SGR ya Kenya imejengwa kwa tani 25 kwa ekseli. Kingeharibu njia na madaraja, hata majaribio wasingekiruhusu. SGR ya Tanzania ni tani 35 ingekibeba bila shida, ila kama Kilosa alivyosema wao ndo hawana haja nacho, na hezi zao ni 50 kwa hiyo hata lile transfoma zito la hezi 25 lingekuwa la kazi gani.

Mtito_Andei:
Aah sikuwa nimewaza hapo kwa ekseli. So haiwezekani?

Mzee_wa_Reli:
Inawezekana, na watu walishalikuta tatizo hilo hilo zamani. Zile FL9 nilizotaja, daraja la Park Avenue lilikuwa haliruhusu uzito mkubwa, EMD wakafanya bogi ya nyuma iwe na ekseli tatu badala ya mbili, ya katikati haina mota, inabeba uzito tu. Kichwa kikawa na ekseli 5 na kikapita.

fundi_alternata:
Umenena mzee. Kwa Kenya ningesema ekseli 6. Hata ukibaki na tani zile zile 130.6 unapata kama tani 21.8 kwa ekseli, chini ya 25 kwa nafasi nzuri, na ukiagiza transfoma ya hezi 50 tupu uzito unashuka zaidi. Ila bogi za ekseli tatu ni ndefu, zinakula nafasi ya katikati, na pale katikati ndo pa tenki. Mombasa mpaka Nairobi ni kama km 480 na ni mlima kutoka usawa wa bahari mpaka kama mita 1,600, injini inavuta kweli kweli kwa masaa. Kwa hiyo mwenye kuchora kichwa hicho ataanza na swali moja: nyaya zitafika wapi kwanza? Zikianzia Mombasa zikapanda mpaka Voi au Mtito kwako, kipande cha juu mpaka Nairobi ndo kinabaki kwa dizeli. Zikianzia Nairobi kushuka, kipande cha chini cha kutoka Mombasa ndo kinabaki kwa dizeli. Njia inapanda kwenye vipande vyote viwili, kwa hiyo tenki lipimwe kwa kile kisicho na nyaya.